Bakuli Langu la Maua

Nilirudi kutoka semina ya lishe pale Mwandiga nikiwa mtaalamu. Siku mbili nzima, mchezo? Nikaanika dagaa mpaka juu ya bati, nikajaza magunia mawili ya unga wa muhogo, nikapanda matembele uani kote. Mtaa wetu wote wa Bangwe ukajua kwamba kwangu njaa haina pa kuingilia, maana niliwaambia mwenyewe, mmoja mmoja.

Ziwa likafungwa ili samaki wazaliane. Samaki wakapumzika, wavuvi wakapumzika, na masufuria ya wavuvi nayo yakapumzika. Jirani yangu, mke wa mvuvi, mwenye watoto wanne, hakuja kuomba. Basi mimi na huruma zangu nikampelekea ugali na dagaa wa mawese kwenye bakuli langu la maua, lile la wageni, ili ijulikane msaada umetoka kwa nani.

Bakuli halikurudi. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili akiniona anasema "Shikamoo, dada" kwa mbali, huyo anakata kona. Loo! Nikawatangazia wenzangu bombani kwamba yule kala chakula na chombo chake. Nikaapa: bakuli lisiporudi, hata kijiko kimoja cha unga hakitoki kwangu. Nilijiona mwanamke mwenye msimamo.

Wiki ya tatu nikaenda kulidai. Lilikuwa mezani, limesuguliwa likang'aa, limefunikwa kwa kanga safi. Watoto wote wanne wamelala mchana kweupe, wale wale ambao kelele zao zilikuwa zinanikera.

"Nisamehe, dada," alisema. "Sikuwa na cha kuweka ndani. Nitarudishaje bakuli la watu likiwa tupu? Nilikuwa nasubiri matembele yangu yakue."

Akatoka nje kwenye debe bovu alimoyapanda, akayachuma yote, akayatia bakulini, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Na mimi nimelelewa hivyo hivyo, chombo cha jirani hukirudishi kitupu. Semina haikugusia hilo, nami mtaalamu nikajitia kusahau. Wiki tatu watoto wale wameshinda na njaa kwa ajili ya bakuli langu la maua. Niliona aibu.

Matembele yenyewe hayakujaa hata kiganja. Niliyapika, nikayala yote. Kisha nikasonga ugali mkubwa, nikaufunga pamoja na dagaa kwenye majani ya mgomba, nikampelekea. Majani ya mgomba hakuna anayeyadai.