Wachawi Wawili wa Mama Mmoja

Niligundua kwamba mimi ni mchawi nikiwa na miaka kumi na tisa, saa nne asubuhi, siku ya tatu ya msiba wa mama. Sikuambiwa na mganga wala sikuota ndoto. Nilikuwa nimeshika kikapu cha kahawa tu.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze kidogo. Mgeni akiingia nyumba ya Wahaya haanzi kupewa chai. Anapewa kahawa ya kutafuna, akamwani, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, zinazowekwa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Mwenye nyumba anachukua moja, anaitafuna mbele ya mgeni, ndipo anamsogezea kikapu. Maana yake hata mtoto wa miaka mitano anaijua: mimi nimekula na sijafa, kwa hiyo kula na wewe. Mgeni anachukua mbili tatu, na asiye na meno anazitia mfukoni. Sikuwahi kuona mtu akikataa mpaka siku hiyo.

Nilianza na wanawake waliokaa kwenye nyasi mbichi tulizotandaza sebuleni. Nikatafuna yangu, nikainama, nikamsogezea kikapu jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa akinikata kucha nilipokuwa mdogo. Akasema tumbo linamsumbua. Wa pili akasema ametoka kutafuna nyumbani kwake sasa hivi. Wa tatu alivuta kanga yake akaficha mikono. Nikafikiri labda zimeota ukungu, nikazinusa. Zilikuwa nzuri. Nikampa dada yangu kikapu ajaribu kwa wanaume kule nje, maana yeye ndiye aliyepewa sura ya kupendwa. Alirudi nacho kimejaa vilevile.

"Hawachukui," akasema.

"Kwa nini?"

"Wanasema sisi ni wachawi. Tumemla mama."

Alisema hivyo huku akifunika kikapu, kisha akaenda jikoni kugeuza ndizi zisiungue.

Dada yangu huyo nilikuwa nimekaa naye wiki sita tu, baada ya miaka kumi ya kutoonana. Majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, mimi nilikuwa na miaka tisa na yeye kumi na miwili. Baba alikuwa ameshaondoka na mgambo. Milio ya mizinga ilipoanza kutufikia kijijini kwetu Izimbya, mama alitufungia nguo kwenye shuka mbili, si moja, na hapo ningepaswa kushtuka. Tulitembea mpaka Kemondo. Bandarini watu walikuwa wamejaa na magodoro, mbuzi, cherehani, na mzee mmoja aliyebeba mlango. Mama alikuwa na watu wawili tu wa kuwategemea upande wa kusini: dada yake baba, aliyeolewa Ijumbi, na kaka yake mwenyewe, mvuvi kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Akatugawa. Mimi nikaenda kwa shangazi, dada yangu akapandishwa mtumbwi wa mjomba, na mama akarudi kumwangalia bibi, ambaye alikuwa amekataa katakata kuhama. Nililia kwa sababu dada ndiye aliyepewa kupanda mtumbwi. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Shangazi alinilea vizuri. Naandika hivyo kwa hasira, lakini ndio ukweli. Nilipopata malaria alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na mimi nilikuwa msichana mkubwa wa miguu mirefu inayoburuta. Alikuwa na watoto wa kiume watupu, akasema Mungu amemletea binti kupitia vita. Vita ilipokwisha na baba akarudi, shangazi alimwambia aniache kwanza nimalize darasa la saba, na nilipomaliza akapata sababu nyingine. Nyumbani nilikuwa naenda Krismasi. Dada yangu sikumkuta hata mara moja. Alikuwa ameolewa kisiwani na mvuvi akiwa na miaka kumi na sita, bila mtu kuja kuposa, na baba akakataza asitajwe tena katika nyumba ile.

Kisha ukaja ugonjwa wa kukonda. Baba ndiye aliyeanza. Shangazi alikuja kumwona kaka yake akiwa na chungu cha ndizi na maharage, akakiweka kizingitini, akasalimia kutoka pale pale, akaondoka. Hakuwa peke yake, nusu ya kijiji ilikuwa inasalimia kutoka kizingitini miaka ile. Mwaka mmoja na nusu baadaye ikawa zamu ya mama. Nikatoka Ijumbi kuja kumuuguza, na mama akatuma ujumbe kisiwani, maana wa kumkataza alikuwa ameshazikwa.

Dada alifika wiki iliyofuata kwa miguu kutoka Kemondo, na mfuko mmoja. Sikumtambua. Nilimsalimia kama mgeni, nikamletea kahawa, nikatafuna ya kwanza, naye akachukua tatu akasema, "Mdogo wangu, umekuwa mrefu kama mgomba wa gonja." Ndipo akanieleza. Mume wake alikuwa amekufa kwa ugonjwa ule ule, mtoto akafuata, na wakwe wakafunga mlango. Mjomba ziwa lilikuwa limeshamchukua zamani. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda duniani zaidi ya nyumba ile ya mama.

Siku hiyo hiyo tulimwogesha mama pamoja. Tulipomaliza, mimi nikatokea mlango wa mbele, yeye wa nyuma. Nikachuma majani ya mubirizi, ule mti mchungu unaoota kila ua wa kwetu, nikayafikicha kwenye beseni, nikanawa mpaka viwiko mara tatu, nikakung'utia maji kwenye migomba bila kujifuta. Nikazunguka nyumba kumwaga yaliyobaki. Nikamkuta dada yangu kwa nyuma na beseni lake, majani yale yale, amefika mara ya tatu, anakung'utia migombani bila kujifuta. Mama alitufundisha hivyo kabla ya vita, alipokuwa akimwosha bibi vidonda, na kila mmoja wetu alikuwa ameendelea nayo miaka kumi bila kujua kama mwenzake bado anakumbuka. Tulicheka mpaka mama akauliza kutoka kitandani kuna nini. Sura ya dada sikuitambua, lakini mikono ile niliitambua mara moja. Sijawahi kufurahi vile.

Shangazi alikuwa amekuja siku hiyo. Alikuwa kizingitini pake pa kawaida nikinawa, akanifuata mpaka nyuma, akatuona wote wawili.

Sasa fikiria hesabu ya kijiji. Kila aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa alikuwa anakonda baadaye. Hawa wawili wanamgeuza mgonjwa, wanafua mashuka yake, wanakula masalia yake, na wananenepa. Hawajaonana miaka kumi lakini wananawa dawa moja kwa namna moja, kama waliofunzwa na mwalimu mmoja. Asiyeuawa na kitu basi ndiye anayekituma. Hakuna aliyefikiria kwamba mwalimu alikuwa mama, naye ndiye aliyekuwa anakufa.

Wiki mbili kabla ya kufariki, mama aliwaita wazee wa ukoo akatoa wosia. Hakuzaa mtoto wa kiume. Alisema binti zake wawili wakae ndani ya kibanja kile, nyumba na shamba lake, wale ndizi na kuchuma kahawa, mpaka watakapokufa, ndipo kirudi kwa ukoo. "Niliwagawa mara moja," alisema. "Msiwagawe tena." Wazee wakatikisa vichwa, kila mmoja akatafuna buni yake kuthibitisha.

Basi tulipokataliwa kahawa msibani tulijua kinachotafutwa ni kibanja. Lakini hatukuogopa sana, tulikuwa wawili. Baada ya mazishi tukawa tunataniana kutwa nzima. Mimi nilikuwa mchawi mdogo, yeye mchawi mkubwa. Panya walipokula mahindi darini, nilimwambia mchawi mkubwa awafukuze, akasema uwezo wake ni wa samaki tu, wa nchi kavu niwashughulikie mwenyewe. Alipounguza ndizi nilisema hata ungo wake lazima ulikuwa unaanguka njiani. Tulipanda maharage. Tulipanga kukata kahawa zilizozeeka. Kila mara nilikuwa najiuliza ni nani aliyeanzisha maneno yale, na nilikuwa na majirani watatu niliowachukia kwa zamu.

Siku ya kuanua matanga ukoo wote ulikuja. Shangazi alifika mapema kutoka Ijumbi, amevaa kitenge chake cha kanisani, na chini ya kwapa amebeba kikapu chake mwenyewe cha kahawa. Nilifurahi kumwona. Nilifikiri amekuja kututetea.

Alisimama katikati ya sebule, kwa mara ya kwanza tangu kaka yake augue akiwa amevuka kizingiti kile.

"Mimi ndiye niliyewaambia," alisema. "Sikusikia kwa mtu. Niliona kwa macho yangu, wananawa madawa yao, mmoja mbele na mmoja nyuma ya nyumba."

Nikamtazama anitazame, hakunitazama.

"Lakini huyu mdogo nimemlea mimi," akaendelea. "Ninamjua. Kwangu hakuwahi kufanya mambo hayo hata siku moja. Amefundishwa juzi na mwenzake, aliyeyatoa visiwani. Mume wake amekwenda, mtoto wake amekwenda, amekuja hapa na mama amekwenda. Wazee wamekubali. Aliyefundisha arudi alikotoka. Aliyefundishwa abaki, asafishwe."

Uongo mtupu. Miaka kumi nilinawa mubirizi kwenye ua wake. Alikuwa ananitania kwamba namalizia mti wake majani. Miguu yake ilipovimba mwaka ule wa mvua nyingi, mimi ndiye niliyemkanda kwa maji yale yale, mara tatu, bila kufuta, naye alisema mikono yangu ina baraka. Alijua kabisa. Alikuwa amepima, akaona hawezi kutuokoa wote, au hataki, akachagua wake. Mpaka leo sijui kama aliamini uchawi ule hata kidogo. Ningependelea kama aliamini.

Akafungua kikapu. Akachukua buni moja, akaitafuna. Kisha akakisogeza mbele yangu, na mkono wake wa pili ukawa umemgeuzia dada yangu mgongo wa kiganja.

"Chukua, mwana wange," alisema taratibu. Hivyo ndivyo alivyokuwa ananiita nilipokuwa na homa.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Shangazi, hata kwako nilinawa. Maneno hayo tu. Wazee wangebaki na wachawi wawili au wasingebaki na hata mmoja, lakini dada yangu asingekuwa peke yake. Nilikuwa nayo mdomoni. Watu wote walikuwa wananitazama mkono, jirani wa kucha, wazee waliotafuna buni za wosia, na niliogopa. Niliona mlango ukifungwa nyuma yangu na njia ya Kemondo mbele yangu. Nikachukua buni. Nikatafuna, nikameza.

Sebule nzima ikapumua. Watu wakaanza kuongea mambo ya mvua.

Walipoondoka, jua lilikuwa bado juu. Dada yangu alikuwa anakusanya zile nyasi za msiba azitupe, kwa mpangilio, kona hadi kona, kama kwamba kesho ataishi pale. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Alipomaliza akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mama. Akakaa mbele yangu sakafuni. Akachukua buni moja, akaitafuna polepole nikiona, kisha akanisogezea.

Nami nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba mikono ile haikuwa na kitu zaidi ya uchungu wa mubirizi. Lakini nikakumbuka mume amekwenda, mtoto amekwenda, mama amekwenda, kwa sauti ya shangazi, na mkono wangu ukachelewa. Ulichelewa kidogo tu, kiasi cha kuvuta pumzi. Halafu nikaunyoosha.

Alikuwa ameshafunika kikapu.

"Na wewe pia," akasema.

Asubuhi yake aliondoka na mfuko wake ule mmoja kwenda Kemondo. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa migomba, akaniambia nirudi maharage yanaliwa na kuku. Nimeuliza bandarini, nimeuliza kwa wachuuzi wa dagaa, nimetuma watu visiwani. Mmoja alisema kavuka kwenda Mwanza, mwingine alisema alionekana akiuguza wagonjwa kwenye kambi ya wavuvi, akiwa mnene. Huyo wa pili nilimwamini.

Shangazi alikufa mikononi mwangu, kwa uzee tu. Nilimwogesha mwenyewe na nikanawa mubirizi mara tatu, watu wakiona, na hakuna aliyesema neno. Kibanja bado nakitunza. Wageni wakija natafuna buni ya kwanza, nasogeza kikapu cha mama, nao wanachukua. Hakuna hata mmoja ambaye mkono wake umewahi kuchelewa.