Wenye Meno Meusi

Mtaani walimwita Fundi Lala, na hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kutundika tivii ukutani, na kabla ya kugusa drili alikuwa na tabia moja iliyowavunja watu mbavu. Alikaa kwenye kila kochi, akachuchumaa pale wanapochezea watoto, na kama sebuleni kulikuwa na mgonjwa wa kulala, naye alilala hapo hapo, chali, akautazama ukuta. Wengine walisema ni usingizi. Wengine walisema tangu afiwe na mkewe kichwa hakijakaa sawa. Yeye alitabasamu kidogo na kuangalia chini. Hakuwa mtu wa maneno.

Miaka minne nyuma alikuwa fundi kama mafundi wengine. Mkewe alipougua, alimtandikia kitanda sebuleni asikae mpweke, akamtundikia na tivii. Aliipandisha karibu na dari, kwa kuwa wageni walikuwa hawakatiki na juu ndiko kila mtu angeona. Mgonjwa mwenyewe aliulizwa mara moja tu. "Naona, usijali," alisema.

Kisha ugonjwa ukazidi, mkewe akaanza kusema kuna watu ukutani wanamtazama. Wamepauka kama majivu, alisema, na meno yao meusi. Mumewe alimpangusa jasho, akamwambia ni homa tu, akachukua begi la vifaa akaenda kazini. Tivii aliiacha inawaka. Alidhani inamchangamsha.

Wiki moja baada ya mazishi alijitupa kwenye kile kitanda, akaiwasha tivii. Msomaji wa habari alikuwa na uso wa majivu. Akatabasamu, meno yakawa meusi. Fundi akainuka: mtu akawa mtu. Akalala tena: akageuka. Kioo cha bei poa ukikitazama kutoka chini sana hugeuza rangi, cheusi kikawa cheupe na cheupe kikawa cheusi. Ni jambo dogo, kila fundi analijua. Hata yeye alilijua. Ila hakuwahi kulala pale.

Tangu siku hiyo swali moja lilikula naye na kulala naye: mkewe aliogopa kiasi gani? Na wa kumjibu alikuwa keshafukiwa.

Siku moja mchana aliitwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Wanawe walikuwa wameipiga tivii kwa mpira mara mbili, akataka ipandishwe juu zaidi ukutani. Kwenye sebule hiyo, kati ya kochi na mlango wa jikoni, kulikuwa na kitanda chembamba, na juu yake mzee, baba yake mwalimu, aliyevunjika nyonga miezi mitatu nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ipandishe mpaka pale," mwalimu alisema, akionyesha kwa mpini wa ufagio. "Hawa wanangu wana miguu ya punda."

"Mzee ataona?"

"Kwangu iwekeni popote," mzee akadakia. "Nasikiliza tu."

Fundi aliweka begi la vifaa chini. Akajilaza sakafuni kando ya kitanda, kichwa usawa wa mto wa mzee.

"Makubwa! Tumekuita utoboe ukuta, wewe unatafuta mto?" Mwalimu alicheka. "Nikuletee na shuka?"

"Iwashe, dada." Mwalimu alipoiwasha, fundi akainuka, akampisha. "Sasa njoo ulale wewe."

"Nilale mimi? Mume wangu akiingia nimwambie nini?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Lakini mwalimu aliutazama uso wa fundi, akaona hapana utani. Akabana gauni lake, akalala. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Baba! Hawa ndio unaowatazama siku zote?"

"Nilidhani ni macho yangu," mzee alisema taratibu. "Halafu nikadhani ndivyo kufa kunavyoanza. Nikaona nisiwatie hofu."

Mwalimu akanyanyuka, akasema anakwenda kubandika chai. Kutoka jikoni fundi alimsikia akipenga kamasi.

Akafanya kazi yake. Alipima kutoka macho ya mzee, akaishusha breketi ya tivii mpaka chini ya usawa wa dirisha, akakiinamisha kioo kidogo, akaweka pima maji juu yake kuona kama imenyooka. Mpira utafute ukuta mwingine. Alipoiwasha, msomaji wa habari alitokea na rangi yake aliyozaliwa nayo, na jasho kidogo puani.

"Kumbe ni kijana mzuri," mzee alisema.

Fundi alikuwa amepiga magoti, anakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

"Mzee. Uliogopa?"

"Unamuulizia nani?"

"Mke wangu. Marehemu."

Mzee aliivuta shuka mpaka kifuani.

"Siwezi kukudanganya, mwanangu. Niliogopa sana. Binti yangu akiwa humu ndani, hata akinifokea, zile zilikuwa picha tu. Akitoka, wananitazama mimi." Akageuza shingo. "Mkeo ulikuwa unamwacha na nani?"

"Nilikuwa kazini. Natundika tivii za watu."

Mzee hakumpa pole. Alivuta mguu wake ulio mzima, ikapatikana nafasi ukingoni mwa kitanda.

"Kaa."

Fundi akakaa. Saa tisa alikuwa anasubiriwa nyumba nyingine. Saa tisa ikafika, ikapita. Mzee akasinzia mdomo wazi, tivii ikiendelea kusema peke yake, na fundi akabaki pale pale, vumbi la ukuta kwenye nyusi, mkono mmoja juu ya shuka.

Mwalimu aliingia na vikombe.

"Fundi, si umeshamaliza? Kunywa chai uende zako ukapumzike."

"Kaa wewe kwanza, dada," alisema. "Ukikaa, nitaondoka."