Sauti Yangu Anaijua

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mke wangu anaifuatilia page hii na huwa ananisomea visa vyake tukiwa tunakula. Nina miaka thelathini na sita. Nyumbani ni Mbeya, ila msimu wa mpunga naishi Ubaruku, nahudumia mashine ya kukoboa. Miezi hiyo ndoa yetu inaishi kwenye simu. Status yake naiangalia kabla sijanawa uso, na nikiona yuko hewani hanijibu, siku hiyo chakula hakipiti. Nina wivu, nakubali.

Msimu huu alikwenda Iringa kwenye kumbukumbu ya marehemu baba yake. Siku ya tatu kijana mmoja wa mashineni akarusha picha kwenye grupu letu: "Bro, huyu si shemeji?" Ni mke wangu, ameegemea bega la mwanaume nisiyemjua, wamevaa kitenge kimoja. Jamaa mwenyewe kaandika kwenye ukurasa wake wa Fesibuku, "Asante Mungu kwa kunirudishia huyu," akaweka na kopa. Mwanaume na mwanamke wakishona sare, hata mtoto anaelewa. Grupu zima likacheka. Mmoja akaandika, "Mjomba, wewe koboa tu, wenzako wanapakua." Nikampigia mke wangu, hapatikani.

Sikuuliza mtu. Ukurasa wa yule jamaa ulikuwa na matangazo ya mbao anazouza Nyololo, huko huko Iringa. Nikawasha pikipiki, nikafika saa tisa mchana, helmeti sikuivua. Alikuwa peke yake anapanga mbao. Akaniambia, "Karibu kaka, unataka saizi gani?" Nikaokota ubao wa mbili kwa nne nikampiga nao mdomoni. Nilisikia taya likivunjika. Alipoanguka nikaendelea, mbavu, mkono aliojikinga nao, tena uso, huku napiga kelele, "Mke wa mtu sumu! Leo utamtapika!" Damu ilirukia kioo cha helmeti. Na niseme ukweli, wakati ule nilisikia raha. Nikaondoka kabla watu hawajafika.

Jioni mke wangu akapiga, analia. "Baba nanii, kaka yangu wameniulia!"

"Kaka gani?"

Ndipo nikaambiwa. Marehemu mkwe wangu alizaa mtoto nje, wakapotezana, na mke wangu alimpata Fesibuku mwaka huu. Kile kitenge shangazi yao aliwashonea watoto wote wa marehemu. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema shangazi alimkataza: "Ndugu hatambulishwi kwa simu. Utampeleka kwa mumeo na kuku mkononi, waonane uso kwa uso." Mimi sikungoja kuku.

Hakufa. Taya limefungwa waya, jicho la kushoto halioni tena. Aliwaandikia polisi kwamba alifananishwa na mtu mwingine, na uso wa aliyempiga hakuuona, ila sauti yake ataijua hata katikati ya soko. Mke wangu kila siku anaomba huyo mtu aoze mikono, na mimi naitikia amina. Shemeji nimemtumia pole, nimemtumia mchele wa uji, tunachati asubuhi na jioni. Ananiita mwanaume wa maana. Sijampigia hata mara moja, sijamrekodia hata salamu. Nasingizia kelele za mashine.

Jumamosi anatolewa waya. Jumapili analetwa kwetu Mbeya kuuguzwa, shangazi anakuja naye, na kuku wake. Jana ameniandikia: "Shemeji, nikianza kuongea, wa kwanza kunisikia ni wewe. Nitakupigia."

Nikikiri, jela naiona na watoto wangu nawapoteza. Nikinyamaza, nitakaa bubu ndani ya nyumba yangu mpaka lini? Ndugu zangu, wa kunitukana anitukane, ila mwenye ushauri aandike leo. Nifanye nini?

Na wewe mke wangu, najua umesoma mpaka hapa na umeshanitambua. Usinipigie. Njoo Ubaruku uniulize nikikutazama.