Onyo Nililolificha Njia ya Teso

Nakumbuka asubuhi moja nilipotoka Bugembe kwenda mjini Jinja kuchagua kitabu cha mwongozo wa safari. Mpaka leo, mwanangu, nikiviona vitabu vya namna hiyo vimepangwa dukani, moyo hunishtuka. Umeniuliza ununue kipi, maana kazi yako inakupeleka sehemu ambayo watu bado wanagombania nani mwenye amri. Kaa nikueleze yaliyonipata mimi, ndipo utanielewa.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudan, na nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku. Nilizaliwa Mbale, nikacheza na watoto wa Kigisu, hata lugha yao naijua vizuri. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, majirani walituona sote kuwa watu wa kambini, yaani wa jeshi lile, tukakimbilia Bugembe. Baadaye vita vikaja tena, vikaisha, serikali nyingine ikakaa Kampala. Jinja watu walianza kupaka maduka rangi. Lakini ukivuka Mbale kuelekea Teso, bunduki zilikuwa hazijanyamaza. Jumatatu ungesikia barabara imefunguliwa, Jumatano ungesikia basi limechomwa, Ijumaa anakuja mtu aliyepita hapo hapo, anakuambia hakuona kitu. Tuliishi hivyo, hatujui tumwamini nani.

Siku hizo alirudi Bwana Kanti, Mhindi aliyezaliwa Jinja akafukuzwa pamoja na wenzake wakati wa wanajeshi. Alikuwa mzee sasa, macho yana mtoto wa jicho, hawezi kusoma. Alitaka kwenda kukiona kiwanda cha kuchambua pamba alichojenga baba yake, mbele ya Mbale, kwa sababu ilisemwa wenye mali wanarudishiwa. Alinichukua niwe macho yake, nimsomee na kumtafsiria. Dereva wetu alikuwa Isabirye, Msoga wa Budondo, mtu mpole aliyeoa mwaka ule ule, na akiendesha huimba kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani.

"Nenda katuchagulie kitabu cha njia," Bwana Kanti akaniambia.

Dukani nilikuta viwili. Kimoja kinene, kimetoka ng'ambo, kina picha za rangi na ramani ya kukunjua. Cha pili kilikuwa karatasi zilizopigwa taipureta na kubanwa kwa pini, kimeandikwa na kondakta mstaafu wa mabasi. Nilifungua ukurasa wa njia yetu nikasoma: "Baada ya Mbale sijui. Uliza siku hiyo hiyo." Nilicheka peke yangu. Kitabu gani kinasema sijui? Nikachukua kile kinene. Ndani, ukurasa wa mbele kabisa, palielezwa kwamba habari zake zilikusanywa kabla ya vita. Niliona. Nikageuza ukurasa.

Safarini nilimsomea Bwana Kanti kwa sauti. Kitabu kilisema barabara ya Teso ni nzuri, na karibu na kiwanda kuna nyumba ya wageni yenye bustani. Kila nilipotaja mahali alipopajua, mzee alitabasamu. Akaniomba nitie alama ya penseli kwenye kila daraja katika ramani, niwe namwambia tumebakiza mangapi. Nikatia.

Mbale tulisimama pembeni mwa eneo la viwanda, Isabirye akaenda kutafuta maji ya rejeta. Kando ya njia alikaa mama mmoja wa Kigisu anauza ndizi. Kitabu kilishauri msafiri azungumze Kiswahili, kwa kuwa kinaeleweka kila mahali. Nikashuka, nikamwuliza kwa Kiswahili changu kilichonyooka, "Mama, barabara ya Teso iko salama?"

Uso wake ukakunjamana. Alikuwa amenielewa, tena sana, kwa sababu hicho ndicho Kiswahili walichoamriwa nacho na askari kulala chini na kufungua milango. Nikabadili, nikasema Kigisu. Hapo akanijibu kwa lugha hiyo hiyo.

"Wewe ni mtoto wa kambini, nimekutambua. Watu wako walimchukua mume wangu, hakurudi. Lakini nakuambia, kuna watu kwenye daraja la pili tangu jana. Hatujui ni wa nani. Rudini."

Masikio yaliniwaka. Watu wangu! Baba yangu alikuwa fundi cherehani, hakushika bunduki maisha yake yote.

Bwana Kanti akauliza kutoka garini, "Anasema nini?"

"Anasema njia ni nzuri," nikajibu.

Mwanangu, sikupanga kusema uongo. Hadi sasa najiuliza ulinitoka vipi. Hasira ilikuwamo, aibu ilikuwamo, na kitabu kilikuwa mkononi mwangu kikisema hivyo hivyo. Isabirye aliporudi na maji akaniuliza, "Dada, wanasemaje huku?" Nikamjibu lile lile. Akawasha gari.

Daraja la kwanza hapakuwa na mtu, nikajiona mshindi. Daraja la pili wanaume saba hivi walitoka kwenye majani marefu. Mmoja kavaa koti la jeshi na suruali ya kawaida, mwingine buti za mpira, mwingine yuko miguu mitupu. Niliwatazama nikashindwa kujua ni kina nani. Kitabu kilisema kila mwenye sare umwite afande, umsalimu kwa Kiswahili, utabasamu.

"Habari yako, afande," nikasema.

"Nani afande?" akafoka mwenye koti. "Wewe nafikiri mimi ni wa serikali?"

Mwenzake nyuma akacheka. "Sisi ndiyo serikali."

Nikawa sijui nimwombe radhi nani. Mpaka leo sijui kama walikuwa waasi, au askari waliotoroka, au watu wa hapo hapo waliookota silaha. Waliichukua ramani wakaikunjua juu ya boneti.

"Nani nachora daraja hapa?"

Niliisukuma penseli chini ya kiti. Niliona Isabirye ananitazama kwenye kioo. Akasema kabla sijafungua mdomo, "Ni mimi, bwana. Mimi dereva, nilitaka kujua njia."

Wakamvuta nje kwa shati. Sisi wawili tukaambiwa turudi kwa miguu, tusigeuke nyuma. Bwana Kanti alitembea ameshika bega langu, na kila tulipojikwaa alisema tu, "Yule kijana ana mke."

Lori la mihogo lilituchukua njiani likatushusha Mbale, tukangoja nyumbani kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Tuliripoti kwa wakubwa. Huyu akasema daraja lile liko mikononi mwa jeshi, yule akasema hakuna jeshi upande ule kabisa. Siku ya pili niliona siwezi kuendelea kuficha. Nikamwambia Bwana Kanti maneno halisi ya yule mama.

Aligeuza uso upande wa sauti yangu.

"Ingekuwa rahisi kukukasirikia wewe peke yako, Rehema," akasema. "Kigisu sikijui, lakini sauti ya mtu anayeonya naijua. Niliisikia. Nilitaka sana kufika, kwa hiyo nikalipokea jibu lako bila kuuliza mara ya pili. Lakini Isabirye hakupata nafasi ya kusikia chochote. Akirudi, utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Alirudi siku ya nne, kwa miguu, bila viatu, na sikio la kushoto limevimba, halisikii. Alisema walimpiga, kisha akaja mtu mwingine asiyemjua, akaamuru aachwe. Kwa nini, hakuambiwa. Nilimpa maji, nikakaa upande wa sikio zima, nikamweleza.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Yule mama alisema nini hasa? Sema maneno yake."

Nikayasema, kwa Kigisu kwanza, kisha kwa Kiswahili.

"Rudini," akarudia. "Dada, ningegeuza gari."

Akainuka akaenda kuosha miguu. Miaka yote iliyofuata tuliamkiana vizuri, nilikwenda Budondo mke wake alipojifungua, na alinipokea. Ila lile sikio halikupona, na kila nilipozungumza naye ilinibidi nizunguke upande wa pili.

Basi, mwanangu, kitabu nunua, sikukatazi. Lakini kabla ya kupenda picha zake, tazama kilikusanywa lini, na kama mwandishi alifika mwenyewe. Akikiri mahali fulani kuwa hajui, usimcheke, hapo ndipo anapokuheshimu. Ukifika, uliza tena siku ile ile, uliza zaidi ya mmoja, na uanze na wanaouza kando ya njia, kwa sababu hatari ikija wao ndio inaowakuta wa kwanza. Ramani usiichore alama. Mwenye bunduki usimpe cheo wala upande mpaka usikie mwenyewe anajiitaje, salamu inatosha. Na lugha unayoisema, hata kama ni ya mama yako, jua kwanza ilimtenda nini yule unayemsemesha.

Hayo ni ya vitabu. Hili la mwisho ni langu, na limenigharimu. Ukipewa neno la mtu umfikishie mwingine, lifikishe lote, hata lile linalokutukana. Mimi nilitaka kuliacha tusi tu, na onyo nalo nikaliacha.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akukutanishe na watu watakaokuambia kweli hata kama hawakupendi, akupe moyo wa kuwasikiliza, na akurudishe kwa mama yako na viungo vyako vyote.