Mkanyaga Udongo wa Buhongwa

Juzi nilihudhuria kikao cha wazazi kwenye chekechea ya mwanangu, hapa hapa Buhongwa. Mwalimu alitueleza kwamba yale matofali ya plastiki ya kuchezea hayatolewi tena boksi kwa kila mtoto. Sasa watoto watatu wanapewa boksi moja na kuambiwa wajenge kitu kimoja, ili wajifunze kuombana, kusubiriana na kupatana. Baba mmoja akaja juu: boksi la mwanawe kalinunua yeye, iweje wachangie? Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo, maana nilikuwa nimeshamkumbuka mdogo wangu.

Buhongwa ya utotoni mwangu usiifananishe na hii, rafiki yangu. Nyumba zilikuwa za kuhesabu, na baina yake palikuwa na viwanja vitupu vyenye majani na mawe makubwa. Mchana kutwa ulisikia mashine ya kusaga ikinguruma kule barabarani, na jioni harufu ya dagaa wa kukaanga ilikuita nyumbani kabla mama hajakuita. Nyuma ya kwetu kulikuwa na kiwanja ambacho mwenyewe hatukuwahi kumwona, na ndani yake kichuguu. Udongo wa kichuguu unashika kuliko udongo wowote. Hapo, kila likizo, watoto wa mtaa tulijenga nyumba ya fito na udongo, ya kuingia na kukaa, sio ya kuchora chini kwa kijiti.

Msimamizi wetu alikuwa binti wa jirani, aliyetuzidi umri kidogo na mdomo sana. Tulimwita Fundi. Yeye ndiye aliyesema nani akate fito, nani alete majani ya kuezekea, nani achote maji. Maji ya kunywa hatukuthubutu kuyagusa, mama zetu wangetuchuna ngozi. Tulingoja wamalize kufua, tukabeba yale ya mapovu.

Mdogo wangu hakuwamo katika ujenzi huo. Alikuwa mzito wa kusema, na alipokosa neno alitumia meno. Aling'ata watoto wa watu mikono, mabega, hata sikio. Nyumba yetu ya kwanza aliibomoa kwa mateke kwa sababu mtu alimnyang'anya kopo. Wamama walikuja kwetu kushtaki mpaka mama akawa anawaona kwa mbali na kuanza kuomba radhi kabla hawajafika. Mwisho akaamua: samaki mkunje angali mbichi, mtoto huyu aende akalelewe na bibi yetu, ng'ambo ya ziwa, kwa kivuko cha Busisi. Bibi alipelekewa habari kwamba aje amchukue kabla likizo haijaisha. Mimi nililala na mdogo wangu kitanda kimoja tangu alipoacha ziwa. Aling'ata, ndiyo, lakini alikuwa wangu, na sikutaka aende.

Aliyemwingiza katika kazi ni Fundi, na wala haikuwa huruma. Kila mtoto alitaka kukandika ukuta, hakuna aliyetaka kuingia shimoni kukanyaga udongo. Ni kazi ya kuchosha, na vijiwe vinachoma nyayo. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatutazama. Fundi akamwita, "We mng'ataji, njoo ukanyage!"

Alirukia shimoni kwa fujo, akaturushia matope, akateleza, akaanguka. Sasa udongo laini una sharti lake: hukanyagi peke yako, mnashikana mikono, mmoja akiteleza mwingine anamzuia. Fundi akaingia, akampa mkono. Mdogo wangu akauinamia aung'ate. Fundi akauachia tu, na yule bwana akaenda chini, uso wote ndani ya udongo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Fundi hakucheka. Akanyoosha tena mkono ule ule, akangoja. Nilidhani mdogo wangu atalia au atakimbia nyumbani. Aliushika.

Tangu siku hiyo kukanyaga ikawa kazi yake. Alikanyaga na Fundi, kisha na mimi, kisha na wale wale aliowahi kuwatoa damu. Maneno yake yalianzia mle matopeni: "Ngoja." "Vuta." "Nipe mkono." Siku mtoto mmoja alipompiga kikumbo nikafumba macho kungoja kilio, nikamsikia mdogo wangu anasema, "Polepole, utaniangusha." Usiku kitandani aliniambia, "Kesho tunakandika nyuma." Nyumbani hakuna aliyejua. Nilimwambia mama, akanijibu namtetea kwa kuwa ni ndugu yangu.

Bibi akafika na kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Nguo za mdogo wangu zilikuwa zimeshafungwa. Tulikuwa tunatafuna, watoto wakatokea mlangoni, matope mpaka magotini, Fundi mbele. Mama akasimama.

"Leo kamng'ata nani tena?"

"Shikamoo mama, shikamoo bibi. Hajang'ata mtu," Fundi akasema. "Tunamwomba akatukanyagie. Udongo tumeshaumwagia maji, utakauka."

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwamo yule wa sikio. Akakaa chini, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Bibi akamwambia, "Mwanangu, umenivusha kivuko kunipa mtoto mwenye kazi zake? Mwache aende." Kesho yake bibi alirudi peke yake, nami nilimsindikiza hadi barabarani nikirukaruka kwa furaha bila aibu.

Nyumba ile iliyeyuka masika, kama zote tulizojenga. Mwenye kiwanja alikuja kujitokeza, akasawazisha kichuguu, akajenga. Wengine wakafuata, na leo mtaa mzima ni kuta zenye vipande vya chupa juu. Mwanangu anawajua watoto wa jirani kwa sauti. Akitaka mwenzake wa kucheza, nampigia simu mama yake kwanza, tunapanga siku. Hakuna anayekuja kushtaki, na huo ni utulivu ambao mama yangu angeulipia. Ila geti langu lina kengele, na tangu tuhamie nyumba hii hajaibonyeza mtoto hata mmoja kuniambia kwamba mwanangu anasubiriwa.