Shuka Nililookota Mofu

Jamani, Ifakara nzima hakuna anayejua mashuka ya zamani ya pamba yenye vishungi kunizidi, hata wamisionari wenyewe walioyaleta!

Ninayo manane.

La tisa nimeliokota jana Mofu, limetupwa nyuma ya nyumba. Nikawacheka: washamba, mnatupa mali! Nikalisugua shavuni, ndivyo ninavyopima pamba.

Leo mzee mmoja wa Mofu kapita kwetu Mlabani. Nikampa shikamoo. Anakodolea macho kamba ya nguo, nilikolianika lile shuka asubuhi.

"We kijana! Hilo tulilitoa likachomwe. Mwenyewe kafa kwa ndui."

Nikalivuta kambani kwa fimbo.

Nimeshalichoma. Haya, nichekeni. Mimi nilichanjwa shuleni kabla hawajanifukuza.

Ila mdogo wangu Anjela hajachanjwa, na jana usiku nilimfunika nalo mimi mwenyewe. Mama sijamwambia.