Sabato Yangu Moja Katika Mji wa Tamasha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli ndogo ya mji mmoja wa Ulaya, nilitandika kitanda kimoja mara sita. Msimamizi wa vyumba, mama mrefu asiyecheka, alilivuta shuka likatoka, akaniambia, "Tena." Shuka la chini hukunjwa pembeni kama bahasha, halafu hubanwa chini ya godoro hata mgeni akigaagaa lisichomoke. Nilikuwa mchuma chai kwetu Nyacheki, vidole vyangu vilikuwa vyepesi, lakini pembe hizo zilinitoa jasho. Ninyi mnaotamani kazi ya hoteli huko nje, anzeni na pembe.

Mwaka wa pili nilipandishwa ghorofa ya tatu, ya wageni wakubwa, na ndipo nilipokutana na tamasha la sanaa la kimataifa. Kwa wiki tatu sikuelewa kitu. Kulikuwa na mtu amejipaka rangi ya fedha, amesimama njiani kama nguzo. Nilimsalimia mara tatu, haitiki, nikamletea maji nikidhani anaumwa. Hoteli ilijaa, na msimamizi akatangaza hakuna mapumziko ya Jumamosi mpaka tamasha liishe.

Mimi ni Msabato, na Tata, yaani baba yangu, ni mzee wa kanisa. Kila Jumamosi jioni alinipigia simu kuuliza fungu la Biblia la kukariri la Sabato hiyo lilikuwa lipi. Ningemjibu nini? Nikamwendea msimamizi.

"Mama, naomba Jumamosi moja tu."

"Moja?"

"Moja. Vyumba vya Jumapili nitavifanya vyote peke yangu."

Akanitazama. "Basi usirudi kuniomba nyingine."

Siku ilipofika nikavaa gauni langu jeupe. Kanisa nililozoea lilikuwa mbali, na basi halikuja kwa sababu barabara zimefungwa, kuna gwaride la tamasha. Nikatembea tu. Mara nikaona kanisa la mawe, na foleni imetoka mlangoni mpaka kona ya pili. Kwetu, watu wakijaa kanisani Jumamosi asubuhi ni Wasabato, hakuna wengine. Moyo ulinijaa furaha. Mlangoni binti mmoja akaniuliza tiketi.

"Nimekuja kusali," nikasema, Biblia mkononi.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na hayo mavazi umeyapatia kweli. Pita, dada."

Nikakaa mbele. Mhubiri akatoka, uso umepakwa unga mweupe. Nikajiambia kila nchi na taratibu zake. Akaanguka, akalia, watu wakacheka. Halafu akauliza nani atakuja mbele. Kwetu ukiitwa mbele ni ushuhuda, huwezi kukaa. Nikaenda, nikamshukuru Mungu kwa kazi na kwa afya ya Tata, nikaimba wimbo wa Ekegusii, lugha yetu, ambao mama huimba akichuma chai. Watu wakaacha kucheka. Yule mhubiri akapiga magoti, nikadhani ameokoka. Nilipogeuka kurudi kitini, nikaona nyuma kabisa mtu anauza bia.

Nilikaa kwenye ngazi za nje nikalia. Sabato yangu moja, nimeimalizia kwenye mchezo wa kuigiza.

Jioni Tata akapiga. "Fungu lilikuwa lipi?"

Nikamweleza yote. 

"Hao watu walijaa?"

"Mpaka mlangoni, Tata."

"Na kesho watarudi?"

"Kila siku, wiki tatu."

"Sisi ni siku moja kwa wiki, na bado watu wetu wanakuja tukiwa kwenye wimbo wa mwisho." Akapumua. "Uliimba beti zote?"

"Zote."

"Haya. Lala, mwanangu."

Nilistaafu kazi ya vyumba nikiwa na miaka ishirini na tisa. Hapa Sironga, ninakoishi tangu nirudi nyumbani, wananicheka nikilitaja neno hilo, kustaafu, lakini magoti yangu yanajua. Sasa naota kufungua nyumba ya wageni yenye vitanda vinne, na pembe nitazikagua mwenyewe. Ile Sabato sijajua mpaka leo kama niliitunza au niliivunja. Tata nimemuuliza mara nyingi. Anasema hilo ni swali la mtu mwenye elimu kuliko yeye, halafu ananiambia niimbe.